Sh 1,000 ya kila mtoto iende wapi? Ulinganisho wa njia nne za jiji kupambana na utapiamlo

Halmashauri za Tanzania zinatakiwa kutenga angalau Sh 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Kipimo hicho kimo kwenye mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa waliusaini kwanza mwaka 2017, wakausaini upya mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Septemba 2022. Jiji lenye watoto 100,000 wa umri huo linapata Sh milioni 100. Zinasikika nyingi mpaka uzigawe kwa siku: hazifiki Sh 3 kwa mtoto.

Kwa kiasi hicho huwezi kufanya kila kitu. Kwenye baraza la madiwani hoja hurudi zile zile: huyu anataka watoto wapate chakula shuleni, yule anataka wahudumu wa afya wapite nyumba kwa nyumba, mganga mkuu anakumbusha kwamba wodi ya watoto imeishiwa maziwa ya tiba, na mwingine ameona mashine ya kuongeza virutubishi kwenye unga na amevutiwa nayo. Wote wana haki ya kusikilizwa. Ila kila mmoja anamzungumzia mtoto mwingine, na hapo ndipo fedha hupotelea.

Ni utapiamlo upi?

Udumavu ni ufupi usiolingana na umri. Huanzia tumboni, hushika kasi kati ya miezi 6 na 23, na baada ya hapo ni vigumu mno kuurudisha nyuma. Ukondefu ni wembamba usiolingana na urefu: huingia ndani ya wiki chache baada ya kuhara, surua au njaa, huua haraka, lakini hutibika. Aina ya tatu, upungufu wa vitamini na madini, haionekani kwa macho mpaka upime damu.

Viwango vinavyotumika kimataifa tangu 2018 vinasema udumavu wa 30% au zaidi ni mkubwa sana, 20% hadi 30% ni mkubwa, 10% hadi 20% ni wa kati. Kwa ukondefu, 10% ni mkubwa na 15% ni mkubwa sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliikuta Tanzania na udumavu wa 30% na ukondefu wa takriban 3%. Kenya mwaka huo huo ilikuwa na udumavu wa 18%, kutoka 26% mwaka 2014. Kwa hiyo kwa majiji yetu mengi, adui mkubwa ni udumavu. Wala hautokani na ghala tupu: Iringa, mkoa unaolisha wengine mahindi, ndio ulioongoza kwa udumavu wa zaidi ya nusu ya watoto wake.

Wastani wa jiji nao hudanganya. Nairobi kwa ujumla hufanya vizuri kuliko kaunti nyingi, lakini tafiti za miaka ya nyuma katika Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda ya jiji hilo, zilikuta udumavu wa zaidi ya 40%. Ukipanga kwa wastani, fedha zitaenda kata ambayo mtaalamu ana urahisi wa kufika kwa gari.

Njia nne zikiwekwa pamoja

Hesabu zilizo hapa chini ni za jiji la mfano lenye Sh milioni 100. Weka bei za kwako.

| | Mlo wa shule | Siku 1,000 za mwanzo | Kusaka na kutibu | Unga ulioongezwa virutubishi |
|---|---|---|---|---|
| Unamgusa nani | Miaka 4 hadi 14 | Mimba hadi miezi 23 | Miezi 6 hadi 59, wagonjwa tu | Kila anayekula ugali |
| Kinachopungua | Njaa darasani, utoro | Udumavu, upungufu wa damu | Vifo | Upungufu wa madini, mgongo wazi |
| Sh milioni 100 hununua | Wanafunzi 1,050 kwa mwaka | Kaya 16,600 zinazotembelewa kila mwezi | Katoni 830 za chakula tiba | Mashine na usimamizi, mwenye kinu akichangia |
| Matokeo | Muhula mmoja | Miaka 2 hadi 3 | Wiki 6 hadi 8 | Mwaka au zaidi |
| Hukwamia wapi | Mzazi asiyechanga, mahindi yenye ukungu | Ushauri usio na chakula, wahudumu wachache | Kuisha kwa bidhaa, wanaotoroka matibabu | Kinu kisichokaguliwa |

Mlo wa shule

Huu ndio unaopendwa na wanasiasa, na sababu iko wazi: foleni ya watoto na sahani hupigwa picha, kijiko cha unga wa dagaa kwenye uji wa mtoto wa miezi 9 hakipigwi.

Kuna namna mbili za kuuendesha. Nairobi ilichagua jiko kubwa la pamoja. Mpango wa Dishi na County ulizinduliwa Juni 2023 kwa majiko 10, ukiendeshwa na kaunti pamoja na shirika la Food4Education. Mzazi hulipa KSh 5 kwa sahani, mtoto hugusisha bangili yenye chipu na kupewa chakula, na gharama iliyobaki hubebwa na kaunti na mshirika wake. Faida ni kubwa: chakula kinanunuliwa kwa wingi, mapishi hayatofautiani shule na shule, na bangili inaonyesha nani amekula bila mwalimu kugeuka mkusanya madeni. Hatari yake ni kwamba yote yako kwenye sufuria moja. Bomba la mvuke likiharibika saa 10 alfajiri, shule nyingi hazina chakula siku hiyo. Usafi ukilegea, wanaoumwa tumbo ni maelfu na si darasa moja. Chakula kilichopikwa mbali lazima kibaki juu ya nyuzi 60 hadi kinapopakuliwa, kwa hiyo vyombo vya kuhifadhi joto na barabara ni sehemu ya mapishi.

Majiji ya Tanzania hutumia zaidi jiko la shule, wazazi wakichanga nafaka au fedha. Kuanza ni rahisi, kudumu ndiyo kazi. Kiasi cha kutosha kwa mwanafunzi mmoja wa msingi ni mahindi gramu 120, maharage gramu 40, mafuta mililita 10 na chumvi yenye madini joto: karibu kalori 650. Ukijumlisha kuni au gesi na ujira wa mpishi, tuseme Sh 500. Kwa siku 190 za masomo ni Sh 95,000 kwa mtoto. Ndiyo maana Sh milioni 100 zote, ukizimwaga huko, zinalisha watoto 1,050 tu, yaani shule moja kubwa ya pembezoni mwa Dar es Salaam.

Makosa yanajirudia. Mahindi yanapokelewa yakiwa na unyevu wa zaidi ya 13.5%, yanarundikwa sakafuni na kushika ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Weka vichanja, pima unyevu mlangoni, kataa gunia lenye harufu. Maharage yasiyolowekwa usiku kucha hula kuni mara mbili na kuiva nusu nusu. Kosa baya kuliko yote ni mtoto ambaye mzazi wake hajachanga kukaa pembeni akitazama wenzake wakila, kwa sababu mara nyingi huyo ndiye mwenye njaa.

Mlo wa shule ni mzuri, na unastahili fedha. Ila usitoke kwenye fungu la lishe ya watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto anaingia darasa la awali akiwa na miaka 5. Sentimita alizozikosa akiwa na miezi 14 haziletwi na makande. Uingie kwenye bajeti ya elimu na michango ya wazazi, na kwenye taarifa ya lishe uandikwe kwa jina lake: njaa ya darasani. Tunachokikubali nje ya kanuni hiyo ni shule za awali zinazochukua watoto wa miaka 3 na 4, na vidonge vya madini chuma kwa wasichana waliovunja ungo, maana hao ndio mama wa miaka michache ijayo.

Siku 1,000 za mwanzo

Hapa ndipo udumavu unapozuilika. Na hapa ndipo jiji linapotofautiana na kijiji kwa jambo moja ambalo miongozo huligusa juu juu: mtoto hayupo na mama yake mchana.

Mpango wa kawaida unadhani mama anakuja kliniki kila mwezi. Kwa mwaka wa kwanza, chanjo humleta. Baada ya chanjo ya surua ya miezi 9, mahudhurio hupungua sana, na ya miezi 18 ndiyo humrudisha mara ya mwisho, kama anarudi. Mpango pia unadhani mama ndiye mlishaji. Muuza mboga wa Mabibo au mfua nguo wa Eastleigh hutoka alfajiri, na mtoto hubaki kwa bibi, kwa jirani au kwenye kituo cha kulelea chenye chumba kimoja na watoto 25. Kumfundisha mama peke yake ni kumfundisha mtu ambaye hatakuwepo saa ya kula.

Kwa hiyo njia hii ina miguu miwili.

Mguu wa kwanza ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii, WAJA. Tuseme posho ya nyongeza ya Sh 50,000 kwa mwezi, kila mmoja akiwa na kaya 100 zenye mjamzito au mtoto wa chini ya miaka 2. Ni kaya 5 kwa siku kwa siku 20; zaidi ya hapo anaanza kujaza daftari akiwa nyumbani. Gharama ni Sh 6,000 kwa kaya kwa mwaka. Kazi yake iwe fupi: vidonge vya madini chuma na foliki asidi vimezwe na si kuhifadhiwa, maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, chakula cha nyongeza kianze siku ile miezi 6 inapotimia, mkono upimwe. Ukimpa pia malaria, kifua kikuu, usajili wa bima na sensa ya vyoo, lishe ndiyo itakayodondoka.

Ushauri unaleta mabadiliko, na mfano wake uko Nairobi. Utafiti wa awali katika Korogocho na Viwandani ulikuta karibu 2% tu ya watoto wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Baadaye mradi wa ushauri wa nyumbani ulifanyiwa majaribio huko huko, na kiwango kikapanda hadi zaidi ya nusu katika makundi yote mawili, lililopata ushauri maalumu na lililokuwa na wahudumu wa kawaida. Mazungumzo yaliyopangwa vizuri yanasambaa mtaani kuliko watafiti wanavyotaka.

Ushauri una kikomo chake pia: haununui yai. Kwenye kaya ambayo kibarua cha leo ndicho chakula cha leo, mama anajua la kufanya na hana cha kufanyia. Ndipo unapokuja mguu wa pili, kituo cha kulelea watoto.

Nairobi ina sheria ya kaunti ya vituo hivyo tangu 2017. Tanzania ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021, na maofisa ustawi wa jamii ndio wanaosajili vituo. Shida ya usajili ni kwamba ukianza na masharti ya jengo, mama walezi wa mtaani hujificha. Anza na mizani na mapishi, masharti ya milango na uzio yafuate.

Tazama uji wenyewe. Kituo kinachobana matumizi huweka gramu 15 za unga kwenye kikombe cha mililita 250. Kikombe hicho kina kalori 55. Mtoto wa miezi 12 hadi 23 anahitaji karibu kalori 550 kwa siku kutoka kwenye chakula, nje ya maziwa ya mama. Wa miezi 6 hadi 8 anahitaji 200, wa miezi 9 hadi 11 anahitaji 300. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba kama mililita 240 kwa mkupuo, basi. Hawezi kunywa vikombe kumi. Sasa weka gramu 30 za unga, kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa (gramu 10) na kijiko kimoja cha chai cha mafuta: kikombe kile kile kinafika kalori 210. Kipimo cha jikoni ni kijiko: uji ukidondoka kama maji, bado, ukishika kijiko na kuteleza polepole, umefika.

Nyongeza hiyo, pamoja na gramu 5 za unga wa dagaa, inagharimu kama Sh 100 kwa mtoto kwa siku. Kwa siku 240 ni Sh 24,000. Wazazi tayari wanalipia uji. Halmashauri isilipie tena unga, ilipie kile ambacho kituo hakiweki. Sh milioni 24 zinawafikia watoto 1,000 katika vituo 40.

Tahadhari kuhusu ule unga wa lishe wa nafaka kumi na mbili unaouzwa kila kona. Kuchanganya mahindi, mchele, ngano, ulezi na mtama bado ni wanga juu ya wanga. Soya inayosagwa mbichi ina viambata vinavyozuia mmeng'enyo wa protini. Lazima ikaangwe au ichemshwe kwanza. Karanga zikisagwa pamoja na nafaka na kukaa miezi 2 kwenye joto la Pwani, mafuta yake huchacha, na zikiwa zilishaota ukungu umewapa watoto sumukuvu kila asubuhi. Saga karanga pembeni, kiasi cha wiki moja. Dagaa nao waoshwe mchanga na kukaushwa kabla ya kusagwa. Waliokaushwa kwenye kichanja ni bora kuliko wa ufukweni.

Kwa anayenyonyesha na kufanya kazi, kituo kipokee maziwa yaliyokamuliwa: chombo cha kikombe chenye mfuniko, jina na saa, na kwa joto la Dar yatumike ndani ya saa 4 kama hakuna friji. Likizo ya uzazi ya siku 84 haimhusu mwanamke asiye na mwajiri, na hao ndio wengi.

Kuna pia vifuko vidogo vya siagi ya karanga yenye virutubishi, gramu 20 kwa siku, kwa watoto wa miezi 6 hadi 23. Uchambuzi wa mwaka 2021 wa majaribio 14 yenye watoto zaidi ya 37,000 ulionyesha udumavu ukipungua kwa 12% na ukondefu kwa 14%. Si muujiza, lakini ni matokeo ya kweli. Ukihesabu takriban senti 10 za dola kwa kifuko, mwaka mzima ni kama Sh 95,000, sawa kabisa na sahani ya shule. Kwa fedha hiyo hiyo, sahani humkuta mtoto umri wa kudumaa umepita, na kifuko humkuta ungali unaendelea.

Kusaka na kutibu

Mtoto mwenye mzunguko wa mkono chini ya sentimita 11.5, au aliyevimba miguu yote miwili na kidole kikiacha shimo, yuko hatarini kufa. Kati ya 11.5 na 12.5 ni utapiamlo wa kadiri. Utepe wa rangi tatu unatosha, na mama anaweza kufundishwa kuutumia kwa dakika chache. Makosa ni mawili: kukaza utepe mpaka ngozi inakunjika, na kupima karibu na bega badala ya katikati ya mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko.

Kadirio la wagonjwa hufanywa hivi: idadi ya watoto mara kiwango cha ukondefu mkali, mara 2.6 kwa sababu wapya huingia mwaka mzima, mara sehemu unayotarajia kuifikia. Kwa watoto 100,000, kiwango cha 0.5% na lengo la kuwafikia nusu, ni watoto 650. Kila mmoja hutumia takriban katoni moja ya chakula tiba, ile siagi ya karanga yenye maziwa ambayo wengi huiita plampinati: vifuko 150 vya gramu 92, kila kimoja kalori 500. Kwa Sh 120,000 kwa katoni, ni Sh milioni 78. Zaidi ya robo tatu ya fedha za jiji zingekwisha hapo, kwa watoto 650 kati ya 100,000.

Ndiyo sababu hatushauri halmashauri inunue bidhaa hii kama kazi yake kuu. Ni jukumu la ngazi ya taifa na wadau, na inazalishwa Athi River pia, si lazima ivuke bahari. Lakini baada ya Marekani kusimamisha misaada mwanzoni mwa 2025, kumtegemea mfadhili mmoja ni kucheza na uhai wa watoto. Weka akiba ya katoni 100, Sh milioni 12. Sh milioni 8 nyingine ziende kwenye maziwa ya tiba ya wodini, tepe za kupimia na nauli ya kufuatilia watoro.

Dozi ya nyumbani hufuata uzito: mtoto wa kilo 7 hadi 8.4 hupewa vifuko 3 kwa siku, wa kilo 9.5 hadi 10.4 vifuko 4. Kabla ya kumruhusu nyumbani, afanyiwe jaribio la hamu ya kula mbele ya mhudumu. Asiyekula, aliyevimba sana, mwenye homa kali au aliye chini ya miezi 6 alazwe, na aanze na maziwa ya tiba ya F-75. Kumpa mlo mzito au dripu siku ya kwanza bila sababu kumeua watoto ambao njaa ilikuwa imewabakiza. Plampinati haina maji, kwa hiyo maji salama ya kunywa ni sehemu ya dozi.

Inapoharibika, huharibika hivi: vifuko vinagawanywa kwa watoto wanne wa nyumba moja, au vinaonekana dukani, au mama anakosa siku ya kliniki kwa sababu ndiyo siku ya kibarua. Kliniki ya Jumamosi huondoa utoro kuliko semina yoyote. Programu iko salama ikiwa waliopona ni zaidi ya 75%, waliofariki chini ya 10% na waliotoroka chini ya 15%. Mtoto huondolewa mkono ukifika 12.5 na kubaki hapo bila uvimbe kwa wiki 2.

Unga, na maji

Urutubishaji tunaupitia haraka kwa sababu jiji lina sehemu ndogo. Viwanda vikubwa viko chini ya kanuni za kitaifa: Tanzania tangu 2011, Kenya tangu 2012. Kinachobaki kwa halmashauri ni vinu vidogo vya mtaani, na shirika la Sanku, lenye shughuli zake Dar es Salaam, limeonyesha kwamba mashine ndogo ya kudondoshea virutubishi inaweza kufungwa kwenye kinu cha kawaida. Kazi ya jiji ni bwana afya kupita, kuangalia kama mashine inawaka na kama kopo la virutubishi limepungua sawasawa na magunia yaliyosagwa. Unga huu hulinda damu na hupunguza watoto wanaozaliwa na mgongo wazi. Mtoto wa miezi 8 hali ugali wa kutosha kuufaidi.

Na vyoo? Majaribio makubwa ya Kenya magharibi, Bangladesh na Zimbabwe yalionyesha kwamba choo bora, ndoo ya kunawia na dawa ya maji kwa kaya moja moja havikuongeza urefu wa watoto. Usitumie fungu la lishe kununua ndoo. Mabomba na mifereji ya majitaka ya mtaa mzima ni hoja nyingine, yenye bajeti ya uhandisi.

Mgawanyo tunaoupendekeza

Kwa jiji lenye udumavu wa 15% au zaidi na ukondefu chini ya 5%, Sh milioni 100 ziende hivi: milioni 39 kwa WAJA 65 kwenye kata zenye hali mbaya, sawa na kaya 6,500, milioni 24 kwa vituo 40 vya kulelea watoto, milioni 20 kwa kusaka na kutibu, milioni 9 kwa mizani, mbao za kupimia urefu na usimamizi, milioni 5 kwa wiki za matone ya vitamini A na dawa za minyoo, Juni na Desemba, milioni 3 kwa ukaguzi wa vinu. Shule sifuri kwenye fungu hili.

Ukondefu ukivuka 10%, kwa ukame, mafuriko au kipindupindu, geuza: kusaka na kutibu kuchukue nusu mpaka hali itulie. Kaunti yenye majiko makubwa tayari, kama Nairobi, isiyafunge. Ifikirie kuyatumia kusagia karanga na dagaa na kupeleka nyongeza hiyo kwenye vituo vya kulelea kwa gari lile lile linalopeleka chakula shule.

Kisha tazama fedha zinavyotoka. Iliyotengwa si iliyotolewa. Fungu likiachiwa robo ya nne, huishia kwenye mafunzo ya siku 3 na posho za Juni, kwa sababu hakuna kingine kinachoweza kutumika kwa wiki 2. Omba ratiba ya robo kwa robo tangu Julai, na mkurugenzi aulizwe kwenye kamati ya lishe ni kiasi gani kimetoka, si ni kiasi gani kimepangwa.

Mbao za kupimia urefu zina kosa lao: mtoto wa chini ya miaka 2 hupimwa amelala, aliyetimiza miaka 2 amesimama, na ukibadilisha kuna tofauti ya sentimita 0.7, inayotosha kumfanya mzima aonekane amedumaa au kinyume chake. Mabadiliko ya udumavu wenyewe usiyatafute kabla ya mwaka wa tatu wa mpango. Mwaka wa kwanza angalia watoto wa miezi 6 hadi 23 waliokula jana kutoka makundi 5 kati ya 8 ya chakula, na ingia kituoni saa 4 asubuhi bila taarifa, omba kijiko, uone uji unavyodondoka.